Huyo Ostini

Mlabani, Ifakara
12 Machi 2024

Mwanangu Gladness,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitikia huko uliko. Mimi ni mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi yanajua mvua kabla ya mawingu. Wewe na wajukuu zangu hamjambo? Hiyo baridi ya Birmingham imepungua, au bado mnatembea mmejifunga kama vifurushi? Huku masika yameanza, bonde limejaa maji na mpunga umesimama vizuri. Mama Hilary wa dukani anakusalimu. Ndiye anayezipiga picha barua zangu na kukutumia kwa simu yake, na majibu yako ananichapishia steshenari, kwa hiyo usiandike mambo ya aibu.

Najua utasema, Mama, si nikupigie tu tuongee. Gladi, masikio yangu yamekwisha. Mara ya mwisho uliponipigia nilikuwa naitikia "ndiyo, ndiyo" kwa furaha, kumbe ulikuwa unauliza kama nimeanguka. Tuandikiane tu.

Nina jambo, na kwangu ni kubwa. Unajua kwamba tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, kila ukoo hupeleka majina ya watu wake yakasomwe kwenye misa, na wenye marehemu husimama tangu jina la kwanza mpaka la mwisho. Jina la bibi yako Balbina halijawahi kusomwa na watu wa Michenga, ukoo wa baba yangu. Mimi humpeleka peke yake hapa mjini, na husimama peke yangu. Tangu masikio yafe nasimama kwa kukisia. Mwaka juzi nilisimama na ukoo wa watu nisiowajua kabisa, wakanitazama kama nimekuja kudai urithi.

Habari yenyewe unaijua nusu. Baba yangu Joachim alikuwa dereva wa tajiri mmoja mnunuzi wa mpunga. Alikufa maji Kivukoni, gari lilipoteleza kutoka kwenye pantoni, mimi nikiwa bado tumboni. Michenga walimzika, kisha wakamwondoa mama yangu. Walisema alikuwa na mwanaume mwingine na mimba ni ya huyo. Yeye alikuwa wa kutoka Mahenge, hakuwa na ndugu upande huu wa mto, nani angemtetea. Aliondoka na mimi tumboni, na nguo zake, na picha moja ambayo hakumwonyesha mtu.

Picha hiyo ninayo. Ni mwanaume amesimama kando ya gari la zamani, mto uko nyuma yake. Juzi niliipeleka Michenga kwa Ponsiano, mjukuu wa kaka yake baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Alinipokea vizuri, akaniita mama, kama anavyomwita mwanamke yeyote mwenye mvi. Hajawahi kuniita shangazi. Nikamwomba Novemba hii amsome Balbina pamoja na mumewe. Akaitazama picha sana. Wote waliomjua Joachim kwa sura wamekwisha kufa, na pale Michenga hawana picha yake hata moja. Halafu akaniandikia kwenye karatasi, maana anajua sisikii: "Mama, wazee walituachia neno moja tu, kwamba Joachim alikuwa dereva wa Fodi. Kama gari hili ni Fodi, huyu ni babu yetu, na bibi alikuwa anatunza picha ya mume wake, na sisi tulimwonea. Kama si Fodi, tuyaache yalivyo."

Sikuona ubaya wa maneno yake. Nimeitikia. Sasa wewe uko nchi inakotoka hiyo mikangafu yote ya magari. Nakutumia picha. Niambie hilo gari ni nini.

Nina miaka inayokwenda themanini, Gladi. Nataka nimsimamie mama yangu nikiwa katikati ya watu.

Mimi mama yako,
Domitila

~

Birmingham
24 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Sisi ni wazima. Watoto wako shule, na mimi bado ninalea wazee wa watu kwenye ile nyumba, huku najiuliza nani anamlea wa kwangu. Magoti uyafunge kitambaa chenye joto usiku, na usikae kwenye simenti.

Picha nimeipata. Mama, nimeikuza kwenye kompyuta mpaka imekuwa madoa matupu. Magari ya zamani yalikuwa na alama ya kiwanda pale mbele, juu ya rejeta, yaani lile bati linalosimama kama kifua na kuhifadhi maji ya kupozea injini. Sasa huyo mwanaume ameweka mkono wake hapohapo. Kwenye picha nzima hakuona pengine pa kuweka mkono.

Lakini sijakata tamaa. Kuna wazee wanaokutana uwanja mmoja siku za Jumapili na magari yao ya kale, wanayafuta kwa vitambaa laini na kuyasifia kama mabibi harusi. Nimekwenda na ile picha. Mmoja aliona miguu ya gari tu akasema, hilo Ford. Mama, moyo ulinipaa. Mwenzake akasema asikurupuke, miguu ya namna ile ilikuwa ya wengi. Wakanipa maswali, na jibu liko kwenye picha yenyewe uliyonayo, si kwenye ile ya simu.

Chukua kioo cha kukuzia uangalie. Spoku za magurudumu ni nyembamba kama za baiskeli, au nene kama za mkokoteni? Rejeta juu ni bapa, au ina mabega? Chini ya kiganja cha huyo mtu, kati ya vidole, kunaonekana chochote? Andika kila unachokiona, hata kama kwako ni upuuzi.

Nami naomba liwe Ford. Usiku nikisali namtaja Fodi kama mtakatifu.

Mwanao,
Gladness

~

Mlabani
8 Aprili 2024

Mwanangu Gladi,

Kristo amefufuka. Pasaka tumeila vizuri, Mama Hilary aliniletea samaki, kitoga wa kukaanga, na wali mpya, nikala mpaka nikajionea aibu. Mto umefurika. Wewe na watoto mmekula nini? Usiniambie mkate.

Kioo nimeazima kwa Lukelo fundi saa. Aliuliza nakitakia nini nikamwambia natafuta mwanaume. Akacheka, akanipa.

Sasa sikiliza. Spoku ni nene, za mkokoteni. Lile bati la mbele si bapa, lina mabega yaliyoinama, kama mtu aliyechoka kubeba ndoo. Taa mbili kubwa zinatazama kila moja upande wake. Kuna kamba imefungwa kwenye boneti, nadhani lilikuwa linafunguka ovyo njiani. Mbele chini inatokeza hendeli ya kuzungushia. Na chini ya kiganja, kati ya kidole gumba na cha shahada, kuna kitu kidogo kinang'aa. Nimekitazama mpaka jicho likatoa machozi. Ni gurudumu dogo, na kando yake kuna kitu kama bawa. Bawa la pili limefunikwa na kiganja.

Umesema niandike hata upuuzi. Basi huyo mtu anacheka. Shati lake lina kiraka kwenye kiwiko, kimeshonwa vizuri, mshono wa kujipinda kama aliokuwa anashona mama. Amevaa viatu lakini kimoja hakina kamba, nadhani ndiyo iliyofunga boneti. Mkono hakuuweka pale kwa ajili ya picha. Ameuweka kama unavyomshika ng'ombe wako ambaye hajatulia.

Gladi, mimi sijawahi kupenda kumtazama mtu huyu. Picha hii nimekaa nayo maisha yangu yote na nilikuwa naiweka imelala kifudifudi. Ipo sababu, nitakuambia siku nyingine. Wewe nitafutie gari.

Mama yako,
Domitila

~

Mlabani
2 Juni 2024

Gladness,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi nipo.

Mpunga umeshavunwa, watu wanaanika barabarani, na wewe kimya. Mama Hilary anasema simu yake inaonyesha umesoma barua yangu tangu Aprili. Zamani barua ikipotea tulilaumu posta. Siku hizi naona hakuna wa kulaumiwa ila mwenyewe.

Kama unaumwa niambie. Kama ni lile gari, niambie pia.

Mama yako

~

Birmingham
16 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Siumwi, watoto wazima, na hakuna kilichonizuia kuandika ila uoga.

Mama, si Ford.

Ulichokiona kati ya vidole ndicho kilichomaliza ubishi. Niliwasomea wale wazee maneno yako, gurudumu lenye bawa, wakatazamana, hakuna aliyebisha tena. Ford haikuwahi kuwa na alama hiyo. Wakanipeleka kwenye gari la mmoja wao lililofanana nalo, nikaona mabega yaleyale yaliyoinama, na hendeli, na taa. Nikaweka kiganja changu palepale alipokiweka yeye, na bawa moja likabaki nje kama ulivyosema. Ni Austin, aina waliyoiita Kumi na Mbili, ya miaka ya elfu moja mia tisa ishirini na kitu mwishoni. Kiwanda chake kilikuwa hapahapa Birmingham, napita njia hiyo kwa basi nikienda kazini. Kwa hiyo lilipofika Kivukoni lilikuwa tayari gari kuukuu, na ndiyo maana boneti ilifungwa kwa kamba ya kiatu.

Nimekaa na habari hii tangu mwisho wa Aprili. Nitakuambia ukweli mama, nilitaka kukudanganya. Niliandika barua nzima inayosema ni Ford. Nani angejua? Ponsiano angefurahi, wewe ungefurahi, bibi angesomwa. Niliisoma ile barua mara nyingi. Kisha nikakuona umesimama kanisani, katikati ya watu kama unavyotaka, umesimamia neno langu la uongo. Nikaichana.

Sijui huyu mwanaume ni nani wala bibi alimtunzia nini. Lakini najua bibi alikuwa mke wa Joachim, na wewe ni mtoto wa Joachim, iwe ni Ford au isiwe. Naomba usiugue kwa ajili ya hili.

Mwanao anayekupenda,
Gladness

~

Mlabani
7 Julai 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliipata, nikaiweka chini ya godoro, nikaenda shamba kama kawaida. Sikuugua. Afya yangu ni ileile uliyoiacha. Natumaini na ninyi ni wazima.

Asante kwa kutonidanganya. Nilipofika pale uliposema si Ford nikaona mengine yote ni maneno tu. Hilo jina la gari lako nimelisoma kama ulivyoliandika, halikuniambia kitu.

Sasa nitakuambia ile nusu usiyoijua, maana naona tumefika mwisho wa safari hii na sitaki niondoke nayo.

Nilikuwa mdogo, sijabadilisha meno, nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza. Mama alikuwa ameishika mkononi, amekaa mlangoni. Nikaweka kidole, nikauliza, "Mama, huyu nani?" Akasema, "Huyo Ostini." Hivyo tu. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona mama analia, nikadhani nimefanya kosa.

Baada ya hapo nikawa nalisikia jina hilo mara mojamoja. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, na Kiswahili alijifunzia ukubwani, lakini akiwa shamba peke yake na mimi, alikuwa akimtaja. Aliwahi kusema, "Ostini alikuwa anakunywa sana, baba yako kazi yake kumpelekea." Siku nyingine ya baridi akasema Ostini asubuhi kama hii angekohoa mpaka majirani waamke. Na mara moja, tukipita Kivukoni, alitazama maji akasema, "Ostini ndiye aliyenichukulia mume wangu." Nikatunza yote hayo moyoni. Nikajenga mtu kichwani: mlevi, mgonjwa wa kifua, rafiki wa baba, ambaye siku ile labda alikuwa naye kwenye pantoni na hakumwokoa. Au alimsukuma. Mtoto hakosi la kufikiri.

Kisha nikiwa msichana, nilikutana na shangazi mmoja wa Michenga sokoni. Nikampigia magoti, shikamoo shangazi. Hakuitikia. Akasema mbele za watu, "Mimi si shangazi yako. Wewe ni mtoto wa Ostini. Mama yako alimlilia Ostini mbele ya maiti ya kaka yangu, tulisikia wote." Gladi, nilisimama pale na kikapu changu. Majina ya Ostini ni mengi huku, kila Augustino watu humwita hivyo, hata katekista wetu alikuwa Ostini. Kila niliyemsikia anaitwa hivyo nilikuwa namwangalia pua na masikio, natafuta yangu.

Mama sikumuuliza. Ningemuuliza nini? Naye hakuna aliyewahi kumuuliza. Michenga hawakumwambia kwa nini wanamfukuza. Yeye mpaka anakufa aliamini ni kwa sababu alikataa kurithiwa na shemeji.

Ndiyo maana picha ililala kifudifudi. Na ndiyo maana niliipeleka kwa Ponsiano. Nilitaka gari liseme kwamba nilisikia vibaya nikiwa mtoto, kwamba huyo mtu siye Ostini, ni Joachim. Gari limesema. Novemba nitasimama na mama yangu peke yetu, kama tulivyozoea. Usilie. Wasalimie watoto, waambie bibi yao anawapenda.

Mama yako,
Domitila

~

Birmingham
7 Julai 2024, usiku huohuo

Mama,

Shikamoo. Salamu zingine nitaleta baadaye. Kaa chini kwanza, kwenye kiti si kwenye simenti, umwambie Mama Hilary akae na wewe.

Toa barua yangu ya Juni chini ya godoro. Tafuta pale nilipoliandika jina la gari. Austin. Wewe umelisoma kwa Kiswahili, kila herufi na sauti yake, na ni haki yako, ndivyo ulivyofundishwa na masista. Waingereza hawasomi hivyo. A na U zikikaa pamoja namna hiyo, kwao ni O. Jina hilo hapa nalisikia kila siku kwenye basi, kituo kikitajwa, na mimi mwenyewe nalitamka kama wao, lakini kwenye karatasi nikakuandikia kama wanavyoandika. Mama, wanalitamka Ostin. Dereva wa Ifakara angelitamka vipi?

Ostini si mtu. Ostini ni gari.

Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, nikalisema lile jina kwa sauti, nikaangusha kikombe. Tungekuwa tunaongea kwa simu ungeligundua wewe mwenyewe siku ileile.

Pitia maneno ya bibi moja moja. Alikuwa anakunywa sana, na kazi ya babu ilikuwa kumpelekea. Ni maji, mama, ya rejeta. Wale wazee wamenieleza, magari hayo kwenye nchi ya joto yalikuwa yanataka maji kila mara, dereva anateka mtoni na ndoo. Asubuhi za baridi alikohoa mpaka majirani wakaamka. Ni injini, babu anazungusha hendeli na inakataa kuwaka. Ostini ndiye aliyemchukua mume wake. Ni kweli kabisa. Lilikwenda naye chini.

Na mbele ya maiti hakuwa anamlilia mwanaume. Alikuwa analilaumu gari lililomuua mume wake, kwa jina lake, kwa sababu yeye alilijua jina lake. Wengine pale walijua Fodi tu.

Ulipokuwa mtoto ukaweka kidole kwenye picha, kidole kilitua wapi? Mkono wa yule mtu uko juu ya gari. Umemgusa yeye na gari kwa pamoja. Wewe umeuliza mtu, yeye amejibu gari.

Mama, wala hakuna Ostini mwingine wa kumtafutia pua na masikio. Huyo anayecheka, mwenye kiraka alichoshonewa na mkewe, uliyemlaza kifudifudi miaka yote, ni baba yako. Mgeuze umtazame.

Mwanao,
Gladness

~

Mlabani
4 Novemba 2024

Mwanangu mpendwa Gladness,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo wote? Mimi sijambo, na magoti pia hayajambo kwa mara ya kwanza mwaka huu. Najua umeniandikia mara nyingi na mimi kimya, na Mama Hilary umemsumbua mpaka akafunga simu. Usinikasirikie. Nilikuwa na mgeni nyumbani. Tangu Julai nimekaa na baba yangu mezani, tunakula wote, na sikutaka kuongea na mtu mwingine. Nimemwambia mambo mengi. Nimemlilia pia, kwa sauti, faida ya uziwi ni kwamba hujui umepiga kelele kiasi gani. Mama Hilary alivunja mlango.

Nimekumbuka kitu ambacho ningekikumbuka zamani kama ningekuwa na akili. Mama alikuwa anavitaja vyombo kama watu. Jembe likiwa butu, "huyu leo mvivu." Sufuria ikivuja, "huyu analia." Watoto wenzangu walimcheka, wakasema Balbina hajui Kiswahili. Nikamcheka na mimi. Neno dogo hilo, huyo badala ya hilo, nimelibeba mgongoni tangu utoto.

Michenga nilikwenda Septemba, baada ya kujipanga. Nilichukua picha na barua zako mbili, ya Juni na ya Julai. Ponsiano akazisoma, akafikiri, kisha akaandika: "Mama, haya ni mazuri, lakini wazee walisema Fodi." Nikaona safari imekufa. Tulikuwa tunakunywa chai, na Ester mkewe alikuwa ameweka mkate mezani na kopo la siagi ya kupaka. Nikamuuliza, "Ponsiano, hilo kopo ni la nini?" Akasema kitu, midomo yake niliisoma vizuri. Bluband. Nikamwambia, "Soma kilichoandikwa." Akaligeuza kopo. Lilikuwa na jina jingine kabisa. Akatazama lile kopo muda mrefu kuliko alivyotazama barua zako. Ester alianza kucheka, akajiziba kwa kanga.

Basi akamwita mama mmoja mzee wa jirani, Angelina, akamuuliza zamani gari waliliitaje. Angelina akajibu, na Ponsiano akaniandikia jibu lake: "Fodi. Yote tuliyaita Fodi. Mengine yalikuwepo?"

Akainuka, Gladi, mwanaume mwenye wajukuu, akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu. Sikusikia sauti yake lakini neno lenyewe nililiona linatoka. Shikamoo shangazi. Nikakawia kuitikia. Nilimkumbuka yule wa sokoni. Kisha nikasema marahaba, nikaweka mkono kichwani kwake.

Alinipeleka Kivukoni kabla ya kunirudisha mjini. Tulisimama darajani tukatazama chini. Maji yalikuwa yamepungua, kuna watu wanatengeneza nyavu kwenye mitumbwi. Hakuna aliyewahi kulitoa gari lile, kwa hiyo Ostini bado yuko huko, kwenye tope. Ponsiano akaniandikia kwa utani, akiuliza kama tumsomee na yeye misa. Nikamwambia huyo akae hukohuko.

Juzi Jumamosi ilikuwa siku ya marehemu wote. Walikuja kunichukua alfajiri, wakaniketisha benchi la mbele kwenye kigango chao, Ester upande mmoja na Ponsiano upande mwingine. Picha nilikuwa nayo kwenye pochi. Katekista alipoanza ukoo wetu Ponsiano alinigusa, tukasimama. Mimi nikamkazia macho yule katekista mdomoni. Majina ya wazee yakapita, mengine sikuyatambua. Likaja la Joachim, midomo inafunguka mwanzo na kufunga mwisho. Nikashika benchi. Jina la mama yangu, Gladi, midomo inakutana mara mbili. Hakuna jina jingine pale lililo hivyo, nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye kioo.

Ikakutana mara ya kwanza. Ikakutana mara ya pili.

Nimezoea kwamba jina hilo likisomwa nimesimama peke yangu. Mazoea ni kitu kibaya, nikageuka nyuma kuona kama kuna waliokaa. Wanaume, wanawake, watoto waliobebwa, mabenchi mpaka mlangoni. Hakuna aliyekaa.

Mimi mama yako,
Domitila, binti Joachim na Balbina